Diski Kubwa na Kochi la Twiga

Fundi wa kompyuta wa hospitali ile walimwita Twiga, kwa urefu ambao, wasemao husema, ulimfanya anyeshewe kabla ya wenzake. Na mtu wa urefu huo alikuwa analala kwenye kochi. Kitanda alikuwa nacho mama mkwe, aliyekuja na nyonga mbovu kusubiri upasuaji, na Twiga akawa anajikunja kama panzi na kuamka amechoka kuliko alivyolala.

Daktari wa mifupa alitaka kuona picha za zamani za nyonga ile kabla hajashika kisu. Picha zilikuwa kwenye diski za seva kuukuu iliyokwisha kukata kamba, na zisingefunguka mpaka Twiga asimamishe seva mpya na kuhamishia humo picha za wagonjwa wote. Jioni daktari anasafiri. Akizikosa leo, upasuaji ni mwezi ujao.

Basi alikuwa amejifungia chumba cha seva, chenye baridi ya kugandisha uongo mdomoni. Picha zinakaribia kwisha kuhamia, jicho lake likaangukia ukubwa wa diski mpya. Alikuwa ameweka diski ya terabaiti nane. Mashine iliona mbili.

Hakuhitaji kuuliza nani kaharibu. Wakati wa kuigawa diski alichagua jedwali la mtindo wa zamani, yaani ile ramani inayoionyesha mashine nafasi za diski, kwa mazoea, kama alivyofanya miaka yote kwenye diski ndogo. Jedwali hilo likishafika terabaiti mbili, hesabu inaliishia. Sita zilizobaki zipo, ila hazishikiki.

Angeweza kunyamaza. Mbili zingetosha kwa sasa, daktari apate picha, yeye apate kitanda. Kurekebisha ni kufuta yote yaliyohamishwa na kuanza upya, na hadi hapo daktari atakuwa keshaondoka.

Akatoka hadi kwenye benchi la korido alipoketi mama mkwe na mkongojo wake, akamweleza yote, macho yakiwa sakafuni.

"Yaani godoro ni sita kwa sita, nanyi mmebanana ukingoni?" mama akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Na ukiacha hivyo, ataanguka nani?"

"Mgonjwa atakayekuja siku diski imejaa. Atapigwa picha, pa kuiweka hapana."

Mama akaisogeza nyonga yake, uso ukamkunjamana.

"Basi futa, baba. Kitanda chako bado sijakichoka."

Twiga akarudi, akafuta, akachagua jedwali jipya. Zote nane zikajitokeza. Akaanzisha upya uhamishaji, akatandika makatoni sakafuni ili apumzishe mgongo kidogo tu, na miguu ikanyooka hadi mwisho wake.

Mama mkwe alipochechemea kuja kumwangalia, alimkuta anakoroma kushinda feni za seva. Akamfunika kwa sweta lake, ambalo halikuvuka kiuno. Kisha akavuta kiti mlangoni, mkongojo mapajani, na kila aliyekuja kuulizia mtambo aliambiwa kwa sauti ya chini kwamba mkwe wake yuko kazini.