Chuma Chini ya D

Dafroza alikuwa nyuma ya nyumba akimkatia ng'ombe majani aliposikia gari inapanda. Ilikuwa inanguruma kwa tabu, kama gari iliyobeba watu wazito. Akanyoosha mgongo. Kati ya migomba ikapita rangi nyeupe yenye mstari wa kijani ubavuni, naye akaijua hapo hapo. Ilikuwa pacha wa ile iliyomuua mume wake.

Magari hayo ni ya Ronald, wa Moshi mjini. Anayakodisha kwa watu wa misiba, komunio na harusi, watu wanaotoka mjini kuja kula na kulia huku juu Rombo kisha wakashuka. Madereva wanamwita tajiri, kama kila mwenye gari anavyoitwa nchi hii, na yeye jina hilo limemkaa vizuri kama koti la kushonesha.

Ambrosi, mume wa Dafroza, alimwendeshea tajiri huyo miaka mingi. Magari yote ni otomatiki. Mjini watu wanasema otomatiki haina kazi, unaweka D, unakanyaga, unakwenda. Ambrosi alikuwa anacheka akisikia hivyo. Dafroza alipanda naye mara kadhaa, na hakusahau alivyokuwa akifanya walipofika juu ya kona ya kanisa, pale barabara inapoinama kama inataka kukumwaga. Kabla hajagusa breki, mkono wa kushoto ulishuka kwenye gia, ukaivuta kutoka D kwenda 2, na penye ukali zaidi, ukaishusha hadi L. Injini ikaguna. Gari ikajizuia yenyewe, mguu wa Ambrosi ukielea tu juu ya breki. Mara ya kwanza Dafroza aliogopa akauliza kama kuna kitu kimevunjika.

"Hakuna kilichovunjika," Ambrosi alimjibu. "Nimeishika mkia."

Basi ikatokea gari moja ya Ronald ikafa gia boksi. Fundi akamwambia kile alichotaka kusikia, kwamba ni madereva, wanachezachezea gia ovyo wakati wa kushuka. Ronald hakumuuliza dereva hata mmoja. Aliagiza kila gari iwekwe kipande cha chuma kwenye mfereji wa gia, chini kidogo ya D, na vichwa vya bolti vikasagwa ili visishikike kwa spana. Gia ikawa inaishia D. Hizo 2 na L zikabaki maandishi ya kusoma tu.

Ambrosi alikwenda kumweleza. Alimkuta amekaa nje ya ofisi yake mjini, kwenye ardhi iliyonyooka kama meza, anakunywa soda. Alimwambia habari za mteremko, na breki zinavyochemka hadi zikakosa nguvu. Ronald alimsikiliza mpaka mwisho, hilo tusimnyime.

"Gari inajua yenyewe, Ambrosi. Ndiyo maana ikaitwa otomatiki. Kama inakushinda, kuna wenzako wanaitafuta."

Mtu wa tambarare ndiye aliyeamua watu wa mlimani washuke vipi.

Ambrosi aliendelea kushuka na D, akisimama njiani kupoza breki huku abiria wakimnung'unikia kwamba anawachelewesha. Jumapili moja alibeba watu waliotoka kwenye sherehe ya komunio, wakiwa na haraka ya mjini, na hawakukubali asimame. Juu ya kona ya kanisa pedali ikazama mpaka chini. Mmoja wa abiria, mama aitwaye Hilda, alisimulia baadaye kwamba alimwona dereva akiivuta ile gia kwa mikono miwili, anaivuta na kuivuta, nayo haiendi. Ndipo akaigeuza gari kwenye ukingo wa udongo, upande wake mwenyewe. Abiria walivunjika mifupa wakapona. Ambrosi alikufa kabla hawajafika Moshi.

Sababu ikatangazwa redioni: uzembe wa dereva. Ronald akaongeza ya kwake, kwamba huko kwenye komunio mbege, pombe yetu ya ndizi, ilikuwa nyingi. Ambrosi, ambaye akiwa na gari hakugusa hata kata ya kuonja.

Na nani alishangaa? Malori ya kahawa yalipokuwa yakibingirika kwenye miteremko hii, matairi yamekwisha hadi nyuzi zinaonekana, ilikuwa dereva. Gari ya wanakwaya ilipoingia korongoni, dereva. Wazee wetu walizikwa na uzembe wao, na waliowatuma wakaja kula nyama ya matanga. Mlima huu umejaa makaburi ya wazembe, na hakuna hata moja la mwenye gari.

Dafroza alikuwa amesema mbele ya watu, baada ya misa, kwamba atakwenda kituo cha polisi kule Mkuu, makao ya wilaya, kuomba ile gari iliyoharibika ifunguliwe pale kwenye gia, watu waone. Neno hilo lilishuka mjini haraka kuliko gari yoyote. Na sasa Ronald huyu hapa uani, ameshika jani la sale lililofungwa fundo, pembeni yake wazee wawili: Mzee Thadeus, baba mdogo wa marehemu, na Mzee Tito wa halmashauri ya kanisa. Wote wawili aliwapitia nyumbani kwao kule chini akawapandisha na gari. Nyuma ya usukani alibaki Jovin, dereva aliyechukua nafasi ya Ambrosi, mtu mzima mwenye familia.

Kila Mchagga anajua sale ni nini. Aliyekukosea akikuletea kuomba msamaha, hata kama ni deni la damu, humrudishi nalo. Ukilikataa, mkosaji unakuwa wewe. Ronald alizaliwa Rombo hii hii, mjini alikwenda na akili zake zote.

Dafroza aliwaamkia wazee, akawatolea viti. Mzee Thadeus alizunguka sana kwa maneno kabla ya kufika. Alisema marehemu harudi, na mambo ya polisi yataitia ukoo aibu. Ronald alisema machache, macho chini. Hakusema amekosa nini. Alinyoosha jani.

Dafroza alilitazama fundo lile. Alijua akilipokea, safari ya Mkuu imekufa, na mume wake atabaki mlevi aliyeua gari ya watu.

Akalipokea kwa mikono miwili. Wazee wakashusha pumzi.

"Nimelishika, baba," alimwambia Mzee Thadeus. "Polisi siendi. Nina moja tu. Hiyo gari mliyopanda nayo, chuma kimo?"

Mzee Tito alimtazama Ronald, Ronald akatazama migomba.

"Jovin," Dafroza aliita. "Kimo?"

"Kimo, Mama Denis."

"Haya. Mshuke salama."

Akaingia ndani. Alipotoka alikuwa na nyundo na tindo vya Ambrosi, akaviweka kwenye kiti cha mbele, karibu na gia.

Wazee walikwenda mpaka mlangoni mwa gari. Ulikuwa wazi. Mzee Tito aliweka mkono juu ya bodi, akautazama mteremko, na pale chini alama ya udongo mbichi kwenye ukingo. Akasema hali ya hewa ni nzuri, atatembea, magoti yanataka mazoezi. Mzee Thadeus akasema na yeye. Wakaanza kushuka na viatu vyao vya kanisani.

Ronald alibaki peke yake na mlango wazi. Majirani walikuwa wameshasimama kwenye ua wa masale, akina mama na mizigo yao ya majani kichwani, wanamtazama.

"Ngoja niwasindikize wazee," alisema. "Jovin, tangulia. Utusubiri lami."

Hapo ndipo Beatha, jirani, alipocheka kicheko kikavu.

"Kumbe mbege inampanda hata tajiri," alisema, kwa sauti ya kutosha. "Naye leo haamini gari yake."

Mzee Thadeus alisikia. Alisimama, akageuka, akamtazama Ronald akija nyuma yao kwa miguu. Akavua kofia.

"Ambrosi hakuwa amekunywa," alisema mbele ya wote. Kisha akaendelea kushuka.

Dafroza alikuwa amelingojea neno hilo tangu siku ya maziko. Lilipokuja hakupata hata nafasi ya kulilia, kwa sababu Jovin alikuwa anamrudishia nyundo na tindo dirishani.

"Kivunje," Dafroza alimwambia. "Wote wameona."

"Nikikivunja, kesho anaendesha mwingine. Nina watoto, mama."

"Na Ambrosi alikuwa nao."

Jovin aliweka D, gari ikaondoka.

Dafroza alisimama ukingoni, sale mkono mmoja, nyundo na tindo mwingine. Taa za breki ziliwaka tangu getini, nazo hazikuzimika. Ziliwapita wazee, zikampita Ronald aliyejibanza pembeni kuipisha gari yake mwenyewe, zikaingia kona ya kanisa zikiwa nyekundu vile vile. Migomba ikazifunika. Harufu ya breki ikapanda mpaka uani.

Wote wakasikiliza.

Baada ya muda honi ikalia kule chini kwenye lami. Leo amefika.

Dafroza alikwenda kulichomeka sale kichwani mwa kaburi, kama inavyotakiwa. Nyundo na tindo hakuvirudisha ndani. Aliviacha getini, juu ya jiwe, mahali ambapo Jovin akipita tena lazima avione.