Wavunaji Wasio na Kimpumu

Bertilla alichoka kueleza. Tangu aache pombe, kila msimu wa ulezi pale Mpui ulimletea ugomvi uleule na Teodori, mdogo wa marehemu mumewe.

"Shemeji, nani atakuja kukuvunia kwa maji matupu? Pika pombe ya kimpumu kidogo tu. Kupika si kunywa."

"Nitajuaje kama imeiva bila kuonja?"

"Mtafute wa kukuonjea."

"Na harufu je, ataninusia?"

Teodori alisonya, akaondoka. Huko shambani ndege walikuwa wanakula masuke bila wasiwasi.

Jumapili, baada ya misa, Bertilla alikwenda Sumbawanga mjini, kwenye kikundi cha walioacha pombe. Nacho kilimchosha. Mzee Cleophas, dereva mstaafu, hakuwa na breki ya mdomo. Valeria alianza kulia kabla hata hajaulizwa habari. Siku hiyo Bertilla hakungoja zamu.

"Kila wiki tunashikana mikono hapa, eti tuko pamoja. Pamoja wapi? Ulezi wangu unaisha, na kila mtu ananiambia nipike pombe!"

Cleophas akauliza, "Visu tuje navyo, mwanangu, au viko kwako?"

Jumamosi wakashuka kwenye pikapu, watu saba, nusu yao hawajawahi kuvuna ulezi. Balaa tupu. Cleophas alikata mabua marefu kama ya kuezekea nyumba. Valeria alijaza kapu, akajikwaa, akamwaga.

"Mzee, masuke! Masuke tu!" Bertilla alifoka, akiwafuata nyuma kuokota.

Mchana aliwapa ugali, maharage na togwa. Cleophas alinusa kikombe, akampa Valeria naye anuse, kikazunguka hivyo hivyo.

"Nimeikoroga leo asubuhi, haijachacha!" Bertilla alisema kwa ukali. "Mimi mwenyewe nainywa, jamani!"

Basi wakanywa.

Jua lilipozama, nusu ya shamba ilikuwa bado. Teodori alipita, akaangalia mabua, akatikisa kichwa. Bertilla alikuwa na mgongo unaouma na sauti iliyokauka. Ila kutwa nzima hakuna aliyemwambia apike pombe.

"Jumamosi ijayo tunamalizia," alisema Cleophas akipanda gari.

"Mje," alisema Bertilla. "Lakini Valeria atakaa jikoni. Kapu sitampa tena."

Valeria akaanza kulia. Bertilla akashusha pumzi, akaenda kumkumbatia.