Joto Nusu

Mashine ya kuangulia mayai ilianza kupoa asubuhi, vifaranga wakiwa karibu kutoka. Fundi umeme alipofika kwa kaka yake, alimkuta wifi yake ameifunika mashine nzima kwa mablanketi.

"Wifi, umeme upo, taa inawaka. Joto limekwenda wapi?"

"Usinichanganye, wifi. Ngoja nipime," alijibu fundi.

Kaka mtu alishakata shauri kwamba kipasha joto kimekufa, kitafutwe kingine. Fundi hakubishana naye. Alipima: volti 240, mkondo ampea 2. Alizidisha akapata wati 480, ilhali kibao cha mashine kilisema 960. Kisha akagawanya volti kwa ampea, akapata ukinzani wa omu 120, mara mbili ya ule uliotakiwa.

"Hakijafa," alisema. "Ndani mna koili mbili, kila moja na njia yake. Moja inafanya kazi, nyingine imelala."

"Kama kaka yako," alisema wifi, na kaka mtu mwenyewe akacheka.

Fundi alizima umeme, akafungua kifuniko. Kweli, waya wa koili moja ulikuwa umechomoka kwenye skrubu. Aliukaza, akafunga, akawasha, akapima tena: ampea 4.

Joto lilipopanda, wifi alichukua yai moja akaliweka sikioni.

"Kuna anayelia humu," alinong'ona.

Fundi, ambaye muda wote alijikaza asionyeshe hofu, alikaa sakafuni. Mayai machache yaliharibika. Mengine yote yalianguliwa kesho yake.