Jezi ya Kulalia

Tulikwisha kuipita gereji ya mwisho ya mji, minyororo ya baiskeli imeanza kuimba, Kinyozi alipotufikia kutoka nyuma, anahema, kavaa jezi ya timu ya kulipwa: manjano kali, majina ya makampuni mpaka kwapani.

Klabu yetu ilikuwa na sheria moja. Nimeendesha baiskeli katika miji mingi na kila nilikokaa nimeikuta: jezi ya timu kubwa huvaliwa na anayelipwa kuivaa. Ukikaidi, hupigwi. Unanyimwa tu mgongo wa kujikingia upepo. Aliye mbele yako anakukwepa, unabaki na upepo wako, na barabara ile ya wazi upepo wake haukuwa wa mchezo.

Daktari wa meno, mwenyekiti wetu, alimtazama juu mpaka chini.

"Mzee, timu imekupa mkataba lini?"

"Sina mkataba, Daktari."

"Basi hiyo ni ya kulalia. Kalale nayo."

Watu wakacheka. Mwashi, shemeji yake Daktari, akadakia, "Nguo ya kuazima haisitiri makalio!"

"Makalio yamesitirika," Kinyozi akajibu. "Pumzi ndiyo inachungulia."

Wakacheka tena, lakini mgongo hakupewa. Kila alipomsogelea mtu alikwepwa, mpaka akaangukia mkiani, kwangu mimi mzee mwenzake.

"Jibanze hapa," nikamwambia. "Mgongo wenyewe mwembamba, lakini ndio uliopo."

Akajibanza. Tulipopata mteremko akaja ubavuni.

"Unamkumbuka Sindano?"

Nani asingemkumbuka? Kijana mwembamba, mpole, mwenzetu wa klabu tuliyekwenda kumzika kabla ya mvua. Sikujua kwamba huyu baba yake anaweza hata kupanda baiskeli.

"Jezi hii alinunuliwa na mama yake. Akamuuliza Daktari kama anaweza kuja nayo. Akaambiwa ni ya kulalia. Mwanangu alikuwa mtiifu, akawa anailalia. Hata wodini, nesi alipomletea gauni lao alikataa. Amefia humo. Nimekuja kuitoa kitandani. Ipande mlima mara moja tu, pamoja na watu wake."

"Niwaambie?"

"Miguu ni yako."

Nilikanyaga pedali mpaka nikaona nyota mchana. Nilipomfikia Daktari nikamweleza kwa maneno machache, maana pumzi ya mengi sikuwa nayo. Aliacha kukanyaga. Baiskeli ikajiendea yenyewe.

"Nilikuwa natania tu," akasema.

Tukamsubiri Kinyozi chini ya mlima. Daktari akasogeza baiskeli mbele yake. "Baba, kaa mgongoni kwangu."

Kinyozi akakaa. Walipanda vizuri mpaka kwenye kona yenye kokoto, hapo miguu ya Kinyozi ikagoma. Akashuka, akaanza kusukuma. Kwa waendesha baiskeli, kushuka kwenye baiskeli katikati ya mlima ni aibu kubwa kuliko kuanguka. Daktari naye akashuka, viatu vyake vya pedali vikigonga lami ko, ko, ko. Nikashuka na mimi. Magoti yangu yalikuwa yakitafuta sababu. Mwashi na wengine walipanda wakatusubiri juu.

Kule juu hakuna aliyetania. Kinyozi alivua jezi, akabaki na fulana ya ndani iliyolowa, akaikunja jezi taratibu kama akunjavyo taulo za dukani kwake.

"Nisamehe, Baba," Daktari akasema. "Ulikuwa utani."

"Najua," Kinyozi akasema. "Yeye ndiye hakujua."

Akapanda baiskeli, akateremka peke yake.

Kinyozi hakurudi klabuni. Baiskeli alimpa mkwewe, naye anaendelea kunyoa. Jezi ilifuliwa, na sasa anailalia mama yake Sindano. Mwashi aliumia goti, akaacha kuendesha. Daktari bado ni mwenyekiti. Sheria haikufutwa, ila akija mtu na jezi ya timu, yeye huangalia barabara, wengine ndio wanaomkwepa. Mimi nilihamia mji mwingine. Nako wanayo sheria hiyohiyo.