Hesabu ya Bamvua

Kaka yangu Nadhir alisoma Aleksandria miaka minne, na aliporudi kwetu Ibra, bara mbali na bahari, alikuwa na mazungumzo ya kitu kimoja tu: kutembea ufukweni. Alitusimulia njia za Bahari ya Mediterania, majabali upande huu, maji upande ule, unatembea kutwa nzima na bahari haisogei hata hatua kumi. Sisi watu wa vumbi na mitende tulimcheka. Lakini mwaka 1996 harusi ya binamu yetu ilitupeleka Sur, mji wa pwani, na Nadhir akaniganda: lazima tukaipite pwani ya chini ya majabali, nje ya mji.

Mama ndiye aliyetupa saa. Yeye, Bi Ghanima, ni mtoto wa Unguja, na kwao mwanamke anayekwenda pwani kuokota chaza haulizi mtu, hutazama mwezi. Akahesabu vidoleni.

"Kesho mwezi kumi na tano, bamvua, bahari hupwa na kujaa kupita kawaida. Maji yatatoka mpaka saa nne asubuhi, khalas. Ondokeni saa mbili, wanangu, mtapita pakavu."

Akaenda kulala nyumba ya bibi harusi. Alikuwa amekaa Ibra miaka ishirini na mbili, mbali na bahari, na hesabu yake haikuwahi kukutana na maji ya huku. Hilo sikulifikiri.

Asubuhi tulitembea nusu saa mchangani, Nadhir akipiga mluzi. Kisha mchanga ukawa mwembamba na wimbi likatulowesha viatu. Akasimama.

"Alyaa, mbona maji yanakuja? Turudi."

Nikamwambia yanatoka. Nikamwambia, tena kwa kiburi, kwamba Mama amezaliwa na bahari mlangoni, yeye ameijulia chuoni. Akacheka, akanifuata. Tulipopinda kona ya jabali maji yalikuwa magotini, na nyuma yetu njia haikuwepo tena.

Palikuwa na ukingo mdogo juu ya vichwa vyetu. Alinipandisha mabegani, nikaushika. Nilipogeuka kumpa mkono, wimbi lilikuwa limembamiza jabalini. Niliuona uso wake mara moja tu.

Wavuvi walinishusha, na adhuhuri wakamtoa. Mmoja wao, mtu mzima, alisema nami kwa upole ulioniuma kuliko matusi: huku kwao, siku za bamvua, saa nne asubuhi ndipo maji hujaa pomoni.

Siku ya tatu ya msiba Mama aliniita chumbani.

"Nimehesabu tena na tena. Saa nne maji huwa yametoka yote. Mlichelewa kuondoka?"

Ningemwambia kweli, ningemzika na yeye.

"Ndiyo, Mama. Mimi nililala, nikamchelewesha."

"Basi wewe ndiye uliyeniulia mwanangu."

Uongo wangu haukuwa mbali na kweli: Nadhir alitaka kurudi, mimi nikakataa.

Miaka tisa sasa. Nikimwambia shikamoo, huitika akitazama ukuta. Wageni wakimuuliza ana watoto wangapi, huwaambia alizaa mmoja tu, naye amezikwa Sur. Mimi ndiye ninayewamiminia kahawa.