Jozi Moja, Washambuliaji Watatu

"Namba moja ni mimi!"

"Wewe? Wewe kazi yako kukata kona tu. Anayesukuma ni—"

"Unasukuma nini, na kamba zako hazijafungwa vizuri tangu—"

Usiku wa jana niliota nimekuta ugomvi huu umeshapamba moto juu ya meza yangu. Yaliyokuwa yanagombana ni mabuti ya kutelezea barafuni, la kushoto na la kulia.

Niliyajua. Klabu yetu ya hoki ya barafuni, inayochezea uwanja wa hoteli, ina jozi moja tu nzuri, saizi nane, na washambuliaji wetu watatu chipukizi huyavaa kwa zamu. Kwa adabu ya nyumbani, mkubwa ndiye huanza: Lekuta, kisha Mutheu, mwisho Kwamboka, mdogo wao. Asubuhi nilitakiwa kutuma majina yao, nimeyapanga kwa ubora. Wa kwanza anakwenda kambi ya mazoezi Ufini.

Nilikuwa nimeshamwandika Lekuta wa kwanza. Ana mabao ishirini na moja. Pia ni binamu yangu, lakini hilo sikulihesabu. Sana.

"Ishirini na moja ya nani?" likauliza la kushoto.

"Ya Lekuta."

"Tulikuwepo," likasema la kulia. "Kumi na tano ya Mutheu, tulikuwepo. Kumi na mawili ya Kwamboka, tulikuwepo. Jumla arobaini na nane. Tuandike sisi."

Nikayaandika. Hesabu ilikuwa sahihi.

Mara tuko kwenye ukumbi wa mitihani wa chuo nilichoacha mwaka wa tatu. Msimamizi ni barafu. Imevaa tai.

"Swali ni moja," inasema. "Cheza zamu ya mwisho."

"Ni lazima?"

"Unampanga mtu kwa zamu ambayo hujawahi kuicheza. Vaa."

Navaa. Mabuti yana joto na jasho la watu wawili. Barafu inatazama saa, inavua tai.

"Samahani. Wenye hoteli huzima mashine za kugandisha zamu ya pili ikiisha," inasema, na inaanza kuyeyuka.

Maji yananifika vifundoni. Nakisukuma kwa gongo kile kisahani cheusi tunachokipiga badala ya mpira, kinaelea tu.

"Mimi siogelei," kinasema. "Kwamboka amenipitisha kwenye uji huu mara kumi na mbili. Sijui anafanyaje, na mimi si wa kusifu watu."

Naanguka. Golikipa, ambaye ni friji ya buchani, anatazama pembeni ili nisione aibu.

"Sasa panga," linasema la kushoto.

"Kwamboka. Mutheu. Lekuta."

"Na sisi?"

"Nyinyi hamna pasipoti."

Yanainama pamoja. Ni mara ya kwanza yanakubaliana.

"Lakini Lekuta atawaka," nasema. "Atasema nimemwonea."

"Lekuta tuachie sisi," yanajibu pamoja. "Tunalala chini ya kitanda chake."

Nikaamka. Jua lilikuwa limeshatoka. Nilikuwa nimelala na soksi, na zilikuwa zimelowa, baridi, mpaka vifundoni tu.

Nikavuta ile orodha. Jina la Lekuta bado lilikuwa juu. Nikashika kalamu, nikaiweka chini, nikaishika tena. Utamwambia nini mtu ambaye kwao hajawahi kukubali kuwa wa pili hata kwenye kunawa mikono?

Simu ikalia. Lekuta.

"Binamu, umeshatuma majina?"

"Bado."

"Nakuomba kitu. Niandike wa tatu."

"Wa tatu? Wewe?"

"Usiniulize." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyesimama juu ya kitanda. "Andika tu, halafu usome yote kwa nguvu. Nimeweka spika. Yanasikiliza."