Vyumba vya Eugène

Mtaa mzima pale Kasulu uliamini nyumba ya bati la bluu ni ya Theodosia. Hata hati ya kiwanja iliandikwa jina lake. Lakini kila tofali lilinunuliwa na mdogo wake Eugène, aliyetoka kambi ya wakimbizi ya Mtabila akiwa kijana wa miaka kumi na tisa, akapelekwa Kanada, akaajiriwa kiwandani kukata nyama ya kuku. Kwa kuwa uraia wake ulikuwa wa huko, na asiye raia haruhusiwi kumiliki kiwanja, alimwambia dada yake, "Andika jina lako, Dada. Mimi na wewe tumenyonya titi moja." Theodosia akaandika. Nyumba ilipokwisha alikaa chumba kimoja cha nyuma, akawa anafagia vingine vitatu kila Jumamosi na kuvifunga kwa ufunguo.

Nyumba hiyo ndiyo iliyomponza binti yake. Divine alikuwa anasoma uuguzi katika chuo kimoja cha Kibondo. Alipoomba mkopo wa serikali aliambiwa hupewa asiyejiweza, na mtoto wa mwenye nyumba ya vyumba vinne, yenye umeme na vigae, hawezi kuitwa asiyejiweza. Mama yake angebisha vipi? Hati ilikuwa na jina lake.

Mume wa Theodosia, Habonimana, aliyekuwa akilima Munanila, aliuza maharage na mbuzi wote watano. Ada ikalipwa nusu. Ikabaki laki saba na ishirini elfu, na chuo kilishatangaza kwamba asiyemaliza hatapata namba ya mtihani.

Theodosia alimpigia Eugène mara mbili. Mara ya kwanza hakupokea. Mara ya pili alipokea, akasema kwa haraka, "Dada, mambo yamebana huku," akakata.

Wiki hiyohiyo Theodosia alifungua vile vyumba vitatu. Viwili akampangisha Salumu, mfanyabiashara wa mazao aliyekuwa akienda na kurudi Manyovu, pamoja na mkewe. Cha tatu akampangisha Ange, msichana muuzaji wa duka la dawa. Kila chumba elfu arobaini kwa mwezi, miezi sita mbele. Fedha hazikulala ndani. Zilikwenda chuoni siku hiyohiyo. Divine akapiga simu akilia kwa furaha. "Mama, nimepata namba!"

Furaha ile Theodosia hakuionja. Tangu jioni hiyo hofu ilihamia tumboni mwake kama mpangaji wa nne.

Eugène alikuwa na tabia ya kupiga simu ya video bila taarifa. Siku moja alimkuta jikoni. "Dada, hebu nionyeshe chumba changu kikubwa. Nataka kuona kama dari inavuja."

Chumba kikubwa kilikuwa kimejaa magunia ya Salumu mpaka dirishani. "Umeme umekatika, mdogo wangu. Kuna giza."

"Giza? Si huko ni saa nane mchana?"

"Mapazia," akasema. "Nimefua mapazia, nimetundika mazito." Kule mbali mdogo wake akasema, "Haya, siku nyingine."

Toka hapo akawa anaiacha simu iite hadi ichoke. Mwizi ana siku arobaini, alijiambia, na yeye alishaanza kuzihesabu. Chakula kikawa hakipiti. Ange alipomwona amekonda akamletea vidonge vya minyoo.

Alhamisi moja asubuhi ulikuja ujumbe: *Nimeshuka Kigoma. Jioni nitakuwa Kasulu.*

"*Mana yanje*, Mungu wangu!" Theodosia akakaa chini sakafuni palepale. Kisha akainuka mbio kwenda kugonga kwa Salumu.

"Nihurumie, baba. Siku tatu tu. Nitawalipia gesti."

Salumu alikuwa mtu mpole, lakini mpole mwenye risiti. "Mama Divine, nimelipa miezi sita. Mke wangu ni mjamzito. Nimpeleke wapi?" Theodosia akajikuta anamweleza yote. Salumu akakuna kidevu. "Sasa unaogopa nini? Hati si ina jina lako? Akileta fujo, mwonyeshe karatasi. Yeye ni mgeni nchini."

Maneno yale yalimtisha kuliko ujio wenyewe, kwa sababu yalikuwa kweli, na kwa kitambo kifupi aliyapenda. Alimpigia mumewe. Habonimana akasema, "Nisubiri, nakuja. Na hiyo karatasi usiiguse."

Eugène alifika jua likielekea kuzama. Alikuwa amezeeka. Alishuka kwenye gari taratibu, mkono mmoja kiunoni, akasimama getini akinusa. Barazani mke wa Salumu alikuwa anakaanga dagaa. Kwenye kamba, makoti meupe ya Ange yalikuwa yanakauka. Akapita bila salamu, akafungua mlango wa chumba kikubwa, akayaona magunia.

Theodosia alipiga magoti. Mkubwa kumpigia mdogo magoti si jambo la kawaida, na Habonimana, aliyekuwa ameshafika, aligeuza uso asilione.

"Nimepangisha," alisema. "Bila kukuambia. Fedha zote nimelipa ada ya Divine. Sijala hata mia."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekataa."

Eugène akakaa juu ya gunia. Barazani dagaa wakaanza kuungua na hakuna aliyewageuza. "*Ego*, ndiyo," akasema hatimaye. "Ningekataa. Inuka, Dada."

Hakuinuka. Ndipo Eugène akaeleza yaliyomleta. Mgongo wake ulikuwa umeharibika kiwandani. Ulikuwa mwezi wa nane hana kazi, anadaiwa kodi ya nyumba huko anakoishi, na aliogopa kusema, maana huku kila mtu alimwona tajiri. Amekuja kuuza nyumba. Mnunuzi angefika kesho yake.

"Ndiyo maana nilitaka unionyeshe vyumba," alisema. "Nilitaka kupiga picha za kumtumia mnunuzi. Na kila nikikupigia nilikuwa naogopa utaniuliza kwa nini."

Asubuhi mnunuzi alikuja, akapima kuta kwa macho, akauliza habari za wapangaji. Salumu akatoa risiti zake. Mnunuzi akasema kodi ya miezi minne iliyobaki ataikata kwenye bei. Kisha karatasi ikawekwa mezani mbele ya Theodosia, kwa kuwa bila sahihi yake hakuna mauzo.

Kalamu ilikuwa nzito. Salumu alimtazama kutoka mlangoni, na Theodosia alijua anachowaza, maana naye alikuwa anakiwaza. Akisema hapana, Eugène atarudi alikotoka mikono mitupu, na hakuna sheria itakayomsaidia. Akamtazama mdogo wake. Eugène alikuwa ameinamisha kichwa, jasho linamtoka, anaogopa waziwazi. Anamwogopa yeye.

Theodosia akatia sahihi.

Eugène alikaa siku mbili zaidi. Wakati wa kuagana alisema, "Zile laki saba ziwe ada kutoka kwa mjomba. Usinirudishie. Lakini usiniombe tena, Dada. Sina." Walikumbatiana, ila si kama zamani.

Divine alifanya mitihani yake na akafaulu yote isipokuwa somo moja, ambalo alilirudia. Theodosia alihamia Munanila kwa mumewe, kwenye nyumba ya udongo yenye vyumba viwili. Ada ya mwaka wa tatu bado hawajui itatoka wapi. Lakini Habonimana husema kwamba mkewe, usiku wa kwanza alipofika, alikula sahani nzima ya ugali, akaomba nyingine.